Pua Iliyoliliwa na Wajane

Kufikia Jumanne ya kanivali, hakuna mtu katika mtaa wa Barrio Abajo aliyekuwa hajui kwamba Yesid Ariza anamtafuta Nerlis, na hakuna aliyekuwa hajui Nerlis yuko wapi. Alikuwa ndani ya kinyago. Tangu Jumamosi alikuwa humo, akinywa juisi kwa mrija humo humo, na mama yake, Delfa, aliwaapia majirani kwamba hata kuoga anaoga nacho. Mtaa mzima ulilijua hilo, na mtaa mzima ukafunga mdomo, jambo ambalo mtaa ule haujawahi kulifanya kwa ajili ya mtu yeyote.

"Nerlis hamjamwona?" Yesid alikuwa akiuliza mlango hadi mlango.

"Nerlis? Nerlis yupi?" wakamjibu watu waliombeba Nerlis mgongoni akiwa mtoto.

Kinyago chenyewe alikishona kwa mkono wake. Nerlis ndiye fundi anayewavisha marimonda, wale wachekeshaji wa kanivali wa mtaa, kila mwaka: koti lililogeuzwa ndani nje, tai inayoning'inia kama ulimi wa mbwa, glavu, na ule mfuko wa kichwani wenye masikio ya tembo, mdomo mwekundu unaocheka, na pua ndefu ya kitambaa inayofika kifuani. Juu ya hayo, filimbi ya mpira yenye mlio wa kukera, maana marimonda hakuja duniani kucheza tu, kaja kuudhi watu. Mwaka huu alishona nguo za kikundi kizima, kisha akashona moja ya ziada. Hiyo ya ziada akaivaa mwenyewe.

Chini ya pua ile ya kitambaa kulikuwa na pua nyingine, na hiyo ndiyo iliyokuwa habari ya mjini.

Kanivali iliyopita, siku chache kabla hajaondoka kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi kule La Guajira, Yesid alimwomba Nerlis waoane. Nerlis, kwa maringo tu ya msichana anayejua anapendwa, akamwambia, "Nitakujibu kanivali ijayo. Ukinisahau, basi." Yesid akacheka, akampeleka kwao kula chakula cha mchana, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama yake Yesid, doña Betsabé, alikaa upande wa pili wa meza akamtazama Nerlis mlo mzima, mdomo wa juu umevutwa, nyusi zimepanda, kama mtu aliyefunua sufuria akakuta samaki wa juzi. Mwishowe akauliza, "Hiyo pua ni ya nani?"

"Ya marehemu bibi yangu," Nerlis akajibu. Ilikuwa pua kubwa, yenye mgongo, pua ya kina Charris wote.

Doña Betsabé akasimama, akaingia jikoni, asionekane tena.

Yesid alipopanda basi kwenda chumvini, Nerlis naye akapanda lake kwenda kwenye kliniki moja kaskazini mwa jiji, ambako daktari mwenye meno meupe mno alimwonyesha kwenye kompyuta sura yake mpya: mrembo, pua ndogo, imekaa kama ya mwanasesere. Alipofunguliwa bandeji, ile pua ya kwenye kompyuta ilikuwa imebaki kwenye kompyuta. Aliyopewa yeye ilikuwa imebonyea katikati, ncha imekwenda kushoto, tundu moja likitazama chini na jingine likitazama dari. Na akivuta pumzi kwa nguvu, au akishikwa na hisia, ilipiga mluzi. Fyuuu.

"Ni uvimbe," daktari akasema. "Utashuka."

"Ni uvimbe, mwanangu," Delfa akasema. Jirani akasema ni uvimbe, muuza maembe akasema ni uvimbe, padri naye akasema uvimbe huchukua muda. Mwaka mzima ukaisha mtaa unasubiri uvimbe ushuke. Yesid akipiga simu aonane naye kwa video, Nerlis anamwambia kamera imekufa. Akiomba picha, anamtumia za zamani.

Sasa Yesid amerudi, na leo ni Jumanne. Kesho ni Jumatano ya Majivu, kila mtu atakwenda kanisani na uso mtupu apakwe majivu kwenye paji. Hakuna kinyago kinachoingia Jumatano.

*

Uani kwa Delfa palijaa watu mpaka kuku walikuwa wamepanda juu ya tangi la maji. Jikoni sufuria ya mbaazi na nyama ya chumvi ilitokota, kubwa kiasi cha kumwogesha mtoto. Katikati ya ua, juu ya viti viwili, lilikaa jeneza la mbao laini lililojaa maua ya karatasi, na ndani yake amelala Mjomba Alcides, kaka yake Delfa, uso umepakwa unga mweupe, sigara imezimika mdomoni. Yeye ndiye Joselito, yule mlevi wa raha ambaye kila mwaka anacheza kanivali nzima, anakufa Jumanne, anaombolezwa na kuzungushwa mtaani. Mjomba Alcides amekufa kifo hicho miaka mingi, kwa sababu kama alivyosema dada yake, kulala anajua.

Wajane wake, wanaume wenye ndevu ndani ya magauni meusi, walikuwa wamekwenda kuchukua sahani. Nerlis alibaki peke yake kando ya jeneza, mfuko wa marimonda kichwani, akimpepea mjomba wake kwa gazeti.

Mlango wa uani ukafunguka, akaingia Yesid.

Jua la chumvini lilikuwa limemkausha na kumng'arisha. Shati lake jeupe lilijaa unga wa mahindi aliorushiwa njiani, na nywele pia, akawa kama mzee mwenye macho ya kijana. Moyo wa Nerlis ukapiga kama ngoma iliyokosea zamu. Akainuka akimbie.

Tai ikamrudisha. Maiti alikuwa ameishika.

"Kaa chini," Mjomba Alcides alisema bila kufumbua macho. "Siku zote hizi nakuona unakimbia. Unanichosha hata mimi niliyekufa."

Yesid akaja akasimama upande wa pili wa jeneza. "Habari, marimonda."

Nerlis akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote.

"Hapo sawa," Yesid akasema. "Hapo angalau umenitendea kama wenzako. Tangu Jumamosi marimonda wa mji huu wamenipulizia masikioni, wamenikanyaga, mmoja kaniibia kofia. Wewe peke yako ukiniona unakimbia. Marimonda anayekimbia mtu mimi sijawahi kumwona maishani."

"Hata mimi," akasema maiti.

"Mjomba, wewe umekufa!"

"Nimekufa, sijawa kiziwi."

Yesid angeweza kunyoosha mkono akakivua kinyago kile. Hakuthubutu, na Nerlis alijua hatathubutu. Barrio Abajo mtu akikuibia kuku mtagombana, mtapatana. Kumvua marimonda kinyago bila ridhaa yake, hapo unahama mtaa.

"Namtafuta Nerlis," akasema kwa upole. "Ana jibu langu."

Nerlis akabana sauti ikawa nyembamba kama ya katuni. "Nerlis kasafiri."

"Kaenda wapi?"

"Soledad."

"Soledad ni basi moja tu hapo."

"Kaenda kwa miguu."

Jeneza likatikisika. Mjomba Alcides alikuwa anacheka tumboni.

Yesid hakucheka, ila macho yake yalikuwa yanacheka. Akanyoosha mkono taratibu, akaishika filimbi iliyoning'inia shingoni mwa Nerlis, akaivua kamba yake kwa uangalifu ule ule ambao zamani alikuwa akimtoa vipande vya uzi vilivyonasa kwenye nywele baada ya kazi. Vidole vyake vikagusa shingo yake kidogo. Kidogo tu. Nerlis akavuta pumzi.

Fyuuu.

Yesid akaitazama filimbi mkononi mwake. Akamtazama marimonda.

Fyuuu.

"Filimbi si ninayo mimi?" akauliza.

"Ni pua," akasema maiti.

"Mjomba Alcides!"

"Mtoto wa watu ataniuliza mpaka lini? Ni pua hiyo, kijana. Ukimfurahisha inapiga, ukimkasirisha inapiga. Mimi nimeizoea."

Nerlis akaketi kwenye ukingo wa jeneza. Sauti ya katuni ikamwisha. Iliyotoka ilikuwa ile yake, ile Yesid aliyokuwa akiisikia kwenye simu usiku upepo wa chumvini ukivuma.

"Nimeiharibu pua yangu, Yesid. Nilikwenda kwa daktari anitengenezee nyingine. Nilitaka urudi unikute mzuri."

"Ulikuwa mbaya lini?"

"Usinianzie maneno matamu, nitalia, na nikilia ndani ya hiki kitambaa nitazama."

"Siyo maneno matamu. Nauliza kweli. Nani alikwambia wewe ni mbaya?"

Kule jikoni vijiko vikanyamaza, maana wenye vijiko walikuwa wameshasogea mlangoni wote, sahani mkononi, na Chepe, fundi magari, mjane mkuu, alikuwa mbele kabisa na shela lake jeusi ameliweka nyuma ya sikio asikie vizuri.

"Mama yako," Nerlis akasema.

"Mama? Mama yangu alikwambia hivyo?"

"Hakuniambia. Alinitazama. Mlo mzima alinitazama kama nimemletea kinyaa mezani. Akaniuliza hii pua ya nani, nikamwambia, akainuka akaniacha na samaki wangu. Unafikiri nilimaliza samaki yule?"

"Lakini Nerlis, mama alikupenda siku ile ile!"

"Alinipenda na ule uso?"

"Uso upi?"

"Ule pale!" Nerlis akanyoosha glavu yake.

Watu wakageuka. Doña Betsabé alikuwa amesimama mlangoni pa uani, mkoba umebanwa kwapani, mdomo wa juu umevutwa, nyusi ziko juu, samaki wa juzi yuko sufuriani vile vile. Delfa, aliyeshika upawa, akautazama uso ule na upawa ukaanza kumwasha mkononi. Mwaka mzima alikuwa akimngoja mama huyu.

"Karibu, doña Betsabé," akasema kwa adabu ya kisu. "Leo umekuja kumdharau mwanangu hapa kwake, au utakula kwanza?"

"Mama Delfa, subiri," Yesid akasema, akiwa amechanganyikiwa kweli kweli. "Nyie wote mnatazama wapi? Mama amefurahi. Si mnaona kandambili?"

Wakatazama chini. Kandambili ya kulia ya doña Betsabé ilikuwa inapiga sakafu, tap tap, tap tap, kama mkia wa mbwa anayemwona mwenye nyumba. Uso hauna habari.

"Hivyo ndivyo anavyocheka," Yesid akasema. "Mimi nilidhani kila mtu anajua."

"Watajuaje?" doña Betsabé akasema. Sauti yake ilikuwa nene, ya kutetemeka, sauti ambayo Nerlis hakukumbuka kuisikia siku ile ya samaki. "Nilikuapisha usiseme kwa mtu, nawe mwanangu hukusema. Niache niseme mwenyewe."

Akavuka ua, watu wakimpisha, kandambili zikiburuta, akaja akasimama mbele ya marimonda.

"Mwanangu, huu uso si wangu. Wangu niliuacha kwa daktari, wakati baba yake Yesid alipoanza kuchelewa kurudi nyumbani. Nilikwenda nikavutwe ngozi kidogo tu, nirudi msichana. Wakanivuta, wakanifunga, na tangu siku hiyo kicheko hakipiti hapa." Akajigusa shavu. "Kilio hakipiti. Nikimpenda mtu nina sura hii, nikimchukia nina sura hii. Kwenye maziko watu wanadhani nimekuja kuhakikisha."

Chepe alianza kucheka, akajiziba kwa shela.

"Na baba yake akarudi mapema?" Nerlis aliuliza kwa sauti ndogo.

"Alirudi mapema siku moja. Akasema, we mama, nani kakukasirisha? Akaondoka tena." Kandambili ikapiga, tap. "Basi siku ile Yesid akakuleta kwangu. Ukaketi pale na ile pua yako kubwa, ya kifalme, huionei haya hata kidogo. Nikasema ndani ya moyo wangu, mwanangu kaniletea mtu mwenye uso wake mwenyewe. Nikakuuliza ni ya nani kwa sababu niliihusudu. Halafu nikakimbilia jikoni, kwa sababu machozi yangu hutoka bila sura ya kulia, na watu huogopa."

Ndani ya kitambaa ilisikika fyuuu ndefu, ya huzuni, kama birika linalochelewa kuchemka.

"Na mimi nikaenda nikaikata," akasema mwisho.

"Na wewe ukaenda ukaikata," doña Betsabé akasema. "Kwa ajili ya uso wangu huu. Nisamehe, mwanangu."

Nerlis akapeleka mikono nyuma ya kichwa. Glavu zilimtatiza, akazivua kwa meno kupitia kitambaa, akazitupa kwenye jeneza. Akafungua kamba. Akakivua kinyago.

Ua mzima ukashusha pumzi. Nywele zilikuwa zimemganda kwa jasho, macho mekundu, na katikati yake pua ile, imebonyea, imekwenda kushoto, imesimama mbele ya watu bila pa kujificha. Alimtazama Yesid usoni. Kama ataangalia pembeni hata kidogo, alijisemea, jibu langu ni hapana, na kesho napanda basi kweli niende Soledad.

Yesid hakuangalia pembeni. Alizunguka jeneza, akasogea karibu kabisa, akainamisha kichwa huku, akainamisha kule, kama fundi anayekagua ukuta.

"Imepinda," akasema.

"Ni uvimbe!" Delfa akapiga kelele.

"Uvimbe!" wakaitikia wajane.

"Siyo uvimbe, Mama Delfa. Imepinda. Imekwenda kushoto."

Kisha Nerlis akaanza kucheka. Kilianza kama kikohozi, kikapanda, kikamshika mbavu, akajishikilia kwenye jeneza na pua ikawa inapiga mluzi kila akivuta pumzi, fyu, fyu, fyu. Mwaka mzima watu waliompenda walikuwa wamemdanganya kwa upendo, na yeye alikuwa ameubeba uongo wao kama ndoo ya maji kichwani, asigeuze shingo. Huyu kaja kutoka chumvini kaitua kwa neno moja.

"Imepinda!" akasema huku machozi yakimtoka. "Asante! Imepinda kabisa!"

"Sikia nikwambie ukweli mwingine," Yesid akasema. "Ile ya zamani niliipenda tangu siku ya kwanza, nikikufuata dukani kwa vitambaa. Ilikuwa inatokea kwenye kona kabla yako. Nitaikumbuka, siwezi kukudanganya. Hii hatujafahamiana. Nipe muda niizoee."

"Muda gani?"

"Una shughuli gani maisha yako yaliyobaki?"

Mtu mmoja mlangoni akaangusha sahani. Nerlis akafungua mdomo ajibu, lakini Chepe hakuwahi kumngoja mtu katika maisha yake. Alijirusha juu ya jeneza, magoti chini, gauni juu, akaachia ukelele uliowatoa kuku kwenye tangi.

"Aaaii, pua yetuuu! Imetutoka kijana! Haikuaga!"

Wajane wengine wakamfuata, sahani zimetupwa. "Pua iliyokuwa inafika kabla ya mwenyewe! Nani atatuambia mbaazi zinaungua?" "Tulikula nayo, tulicheza nayo, mvua ikinyesha tulijifunika nayo!" "Chukueni madaktari wote, turudishieni pua!"

"Jamani, na mimi je?" Mjomba Alcides akalalamika kutoka chini yao. "Maiti hapa ni nani?"

"Sogea kidogo, Joselito, mwaka huu mnazikwa wawili!"

Wakalinyanyua jeneza begani. Ngoma zikaanza nje, msafara ukajipanga kutoka. Doña Betsabé alikuwa amekiokota kile kinyago cha Nerlis, amekishika kwa mikono miwili, anakitazama: masikio ya tembo, pua ya kuning'inia, na ule mdomo mkubwa mwekundu uliofunguka kwa kicheko.

"Mwanangu," akasema, "hiki bado una kazi nacho?"

"Hapana, mama. Mimi nimemaliza."

Neno hilo, mama, lilitoka lenyewe. Kandambili ikapiga. Doña Betsabé akakivaa kinyago, akakinyoosha masikio, akageukia watu wote akiwa anacheka mdomo wazi, meno nje, kicheko cha kujaa uso mzima. Kisha akainyakua filimbi mkononi mwa mwanawe na kwenda kumpulizia Delfa sikioni, kwa nguvu, mpaka Delfa akaruka na upawa wake, wakatoka nje wakifukuzana kama wasichana.

Yesid na Nerlis walibaki nyuma ya jeneza, wakisukumwa na watu. Unga mweupe ulikuwa unaruka kila upande, ukimwangukia Nerlis usoni, kwenye uso wake mtupu, na hakuukwepa. Yesid akamshika mkono.

"Hujanijibu," akamwambia sikioni. "Kanivali inaisha, mwenzio nakufa hapa."

"Ndiyo," Nerlis akasema.

"Kasema nini?" Mjomba Alcides aliinuka jenezani akakaa, unga unamdondoka. "Kelele, sijasikia! Kasema nini mtoto?"

"Kasema ndiyo!" Yesid akapiga kelele.

"Basi niteremsheni! Niteremsheni, mbwa nyie, leo hafi mtu!"

Yesid akamvuta Nerlis kwake, akaibusu ile pua pale pale ilipopinda, mbele ya mtaa mzima. Nerlis akavuta pumzi, pua ikapiga mluzi, juu, safi, mrefu kuliko siku zote. Na marimonda wote wa Barrio Abajo, wakidhani ni mwenzao anawaita, wakainua filimbi zao wakaitikia.